Kitovu Chini ya Kiti cha Kinyozi

Bibi yangu mzaa baba alipoletwa kwetu Dandora na kidonda chake, alikataa kukanyaga chini. Hakushindwa, alikataa. Baba mdogo, anayeendesha lori la maembe kutoka Ukambani, alimshusha langoni mwa ploti yetu akamkalisha kwenye kiti cha plastiki, na papo hapo susu, ndivyo tunavyomwita, akainua miguu yote miwili akaiweka juu ya kreti ya soda. Tukamwambia karibu ndani. Akaitazama ardhi ya ploti upande huu na upande ule, akaikunjia uso, akasema kwa Kikamba, "Siijui, nayo hainijui."

Nilielewa. Mimi Kikamba nakisikia, ila sikisemi, ugonjwa wetu sote tuliozaliwa mitaa hii. Ukinisengenya kwa Kikamba nitajua, lakini nitakujibu kwa Kiswahili, na nitakujibu sawasawa, maana Kiswahili ndicho kinachonilisha. Nafundisha shule ya upili, na hasira zangu hazikai mbali. Mwanafunzi akiniandikia Sheng, lugha ya vijana wa mitaani, kwenye insha, sauti yangu inafika hadi kwa wapishi. Niliwahi kuolewa Komarock nikarudi kwa mama, na hiyo ni hadithi ambayo sitaisimulia hapa wala pengine.

Basi, kidonda. Kilikuwa kwenye kidole cha mguu wa kushoto, na susu ana kisukari. Daktari alituambia bila kupepesa macho: kisafishwe kliniki, kifungwe, kisafishwe tena, na mgonjwa asirudi nyumbani kabla hakijapona. Akirudi mapema, mguu utakatwa. Na susu bila mguu ni nani? Ni mtu ambaye hadi leo anakimbiza mbuzi mlimani akiwatukana mama zao. Ungemkata mguu ungekuwa umemkata ulimi vilevile. Niliogopa sana, nasema wazi. Usiku nililala nikiuona ule mguu.

Yeye hakuogopa. Kwake dawa ni msaada tu, kinachofunga kidonda ni ardhi, na ardhi haiwezi kumfunga kidonda mtu ambaye hajatambulishwa kwake. Kwao, alisema, mgeni akifika hutembezwa na kuambiwa: mlima huu ulikuja hapa kwa njia hii, mto ule uligombana na huu kwa sababu hii. Hadithi kwa hadithi, hadi ardhi imjue mgeni ni wa nani. Bila hivyo mtu hajafika, amesimama tu.

"Mila hiyo," mama aliniambia jikoni, akikata sukuma kwa nguvu ambazo sukuma haikuzihitaji, "nimeolewa kwao nikiwa msichana mbichi, sijawahi kuisikia. Ameitunga kwenye lori."

Mama na susu hawakuwa wakipikika chungu kimoja tangu baba afe. Baba alikuja Nairobi kijana, akapata ukarani kwenye kiwanda cha rangi huko Industrial Area, akapewa ploti Dandora, akaijenga chumba kwa chumba, akatuzaa hapa. Nyumbani alikwenda Krismasi. Baadaye Krismasi nyingine zikampita. Mwisho akaenda ndani ya jeneza. Susu alisema siku ya mazishi, mbele ya watu na wachungaji, kwamba mji ulimmeza mwanawe ukamtema mifupa. Mama aliyachukua maneno hayo kama yake, na toka siku hiyo salamu zao zilikuwa za simu tu, tena za kuulizana mvua.

Siku ya kwanza ya kliniki tulimpeleka kwa nguvu. Baba mdogo alishika kiti upande mmoja, na upande wa pili alishika mpangaji wetu wa mbele, kinyozi mwenye kitambi, mtu mpole sana mpaka unamshuku. Susu akapita Dandora nzima akiwa juu ya kiti kama askofu, watu wakimsalimia, naye anaangalia juu ili asione ardhi. Kule kliniki nesi akavaa glavu, akainama.

"Usiniguse," susu akamwambia kwa Kiswahili. "Sijafika."

"Umefika, shosh. Hii ni kliniki."

"Wewe umefika. Mimi bado."

Alivuta mguu na nesi akabaki ameshika hewa. Nesi akatuita pembeni akauliza kama ana shida ya kichwa pia. Nikataka kusema ndiyo. Mama akasema, "Ana shida ya mkaza mwana," na huo ndio utani wa kwanza niliousikia kutoka kwake mwezi ule. Tukarudi na kidonda kilekile. Usiku huo kilianza kunuka.

Hapo ndipo nilipopata akili, au nilichodhani ni akili. Kama ardhi ya Dandora haimjui, si aletewe inayomjua? Nikampigia baba mdogo: ukipita nyumbani, chota udongo gunia zima, ulete. Tutaumwaga uani, susu atakanyaga kwao akiwa kwetu, kazi iishe. Akasema sawa, mwalimu. Baba mdogo ni mtu wa sawa. Ukimwambia alete ng'ombe kwa pikipiki atasema sawa.

Akaleta gunia. Tukalimwaga mbele ya kiti cha susu, tukalisawazisha na reki, mama mwenyewe akanyunyiza maji kidogo litulie. Tukasimama tukitabasamu kama watu wa harusi. Susu akainama, akachota kwa vidole, akanusa. Kisha akatia ulimini! Nikafunga macho.

"Huu ni mchanga wa mto wetu," akasema.

Tukapiga makofi. Kumbe aliyekuwa akishangaa kuliko sote ni baba mdogo. Macho yalimtoka. Nikamvuta shati hadi nyuma ya choo, akaungama: nyumbani hakusimama, alikuwa anakimbiza maembe yasioze. Gunia alilijaza hapo mtaa wa pili, kwenye ghorofa linalojengwa, kwenye rundo la mchanga wa mafundi.

Lakini nani asiyejua mchanga unaojenga Nairobi unatoka wapi? Malori yanauzoa kwenye mito ya Ukambani mwaka hadi mwaka. Inawezekana kweli ulitoka mto wao. Nikarudi mbio nimejaa matumaini, nikamkuta susu bado anatafuna.

"Ni wa kwetu," akasema, akatema. "Lakini umeshakaa na saruji. Mchanga ukishakaa na saruji hausikii Kikamba tena." Akaninyooshea kidole. "Kama huyu."

Baba mdogo alicheka hadi akashika ukuta. Mama aliingia jikoni, nikasikia sufuria zikianguka, na najua mama yangu haangushi sufuria bila sababu. Mimi nilinuna. Nimesoma hadi chuo kikuu, niambiwe nimechanganywa na saruji? Nikamjibu kwamba kama sikijui Kikamba, basi wa kulaumiwa ni aliyekataa kunifundisha. Ni kweli. Nilipokuwa mtoto, kila tulipokwenda Krismasi, nilimwomba anisimulie habari ya mlima ulio nyuma ya nyumba yake, na kila mara jibu likawa lilelile: hadithi ya mlima wetu haisemwi kwa lugha ya kuazima. Jifunze kwanza. Nami nikajifunza Kiswahili, nikamkomoa.

Susu hakujali kununa kwangu. Alikuwa anawaza. "Katika nyumba hii," akauliza, "kitovu cha nani kimezikwa hapa?"

Akatufafanulia, au akatutungia, mama atasema: anayemtambulisha mgeni kwa ardhi ni yule ambaye kitovu chake kiko ndani yake. Baba mdogo wake kiko Ukambani. Mama wake kiko Ukambani. Wakanigeukia. Nikasema mimi nilizaliwa hospitali, na hospitali hawaziki vitovu. Hapo mama akatoka jikoni akipangusa mikono, uso umebadilika.

"Kilidondokea nyumbani," akasema. "Nikakizika mwenyewe. Pale mbele, kwenye sukuma zangu, kabla baba yake hajajenga duka."

"Duka lipi?" nikauliza, ingawa nilijua. Duka tulilo nalo ni moja.

"Kwa kinyozi. Chini ya kile kiti."

Basi Jumamosi mchana tukambeba susu hadi kwa kinyozi, hatua chache tu, yeye juu ya kiti chake, kreti yake ikifuata. Ndani kulikuwa na mteja mmoja, mtu wa makamo kama mimi, nusu ya kichwa ameshanyolewa, nusu bado msitu. Kinyozi akazima mashine. Nikamweleza mambo yalivyo: kwamba chini ya kiti chake kuna kitovu changu, na naomba nafasi nizungumze na ardhi kidogo.

"Mwalimu," akasema polepole, "miaka yote hii nakanyaga wewe?"

"Kitovu tu."

"Na hamkuniambia nikikodi?"

Yule mteja akataka kuinuka, susu akampungia mkono akae. Akasema shahidi ni muhimu. Mama akabaki mlangoni, nusu ndani nusu nje, kama mtu asiyetaka kuonekana na jamaa zake. Nami nikasimama mbele ya kioo, nikakohoa, nikaanza kama ninavyojua kuanza.

"Ewe ardhi ya Dandora uliyetukuka, twakujia leo kwa unyenyekevu mkubwa, tukikuletea mgeni wetu mtukufu..."

"Nani amewasha redio?" susu akauliza.

Kinyozi akageuza uso. Mabega yalikuwa yanamcheza. Nikasema hakuna redio, ni mimi. Susu akasema, "Hiyo ni lugha ya hapa? Hivyo ndivyo mlivyokuwa mkiongea hapa mkicheza?"

Kusema kweli, hapana. Tulipokuwa watoto hapa hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake ewe. Nilijua susu anataka lugha gani, na nilijua ni ileile ninayoikatia alama kwa kalamu nyekundu, na nusu ya wanafunzi wangu wanakaa mtaa huu. Nikamtazama yule mteja. Akanitazama kupitia kioo kwa jicho la upande ulionyolewa. Nikauona mguu wa susu juu ya kreti, bandeji imelowa, harufu imejaza chumba mpaka spiriti ya kinyozi imeshindwa. Nikasema potelea mbali.

"Niaje, Dandora," nikasema. "Ni mimi. Nimeleta shosh yangu, mathe wa buda. Anataka kukujua."

Halafu nikakwama. Hadithi gani? Ardhi ya kina susu ina milima na mito inayogombana. Yetu ina nini? Ina dampo. Na habari ya dampo ninayoijua ni moja tu, ile aliyokuwa akitupa baba kwenye foleni ya maji, jioni akitoka kazini, tukiwa tumepanga mitungi na mfereji umekauka. Sheng yake ilikuwa mbovu, tulimcheka sana, naye akaongeza chumvi. Sikuwahi kujua aliitoa wapi. Nikaianza, kwa sababu sikuwa na nyingine.

"Kitambo kulikuwa na mlima haina pa kukaa. Ilikuwa inatembea tu, imechoka, miguu zimevimba. Ikafika kwa mabwenyenye ikabisha geti. 'Nikae?' Wakafungulia mbwa. Ikaenda Buru. 'Nikae?' Wakasema ngoja kwanza tufanye mkutano. Ikangoja, ikangoja, mkutano haikuisha. Ikakam hadi Dandora, usiku inaingia, ikapata mathe moja anapika chapo kando ya barabara. Ikamuuliza, 'Nikae?'"

Hapo baba alikuwa anatulia, na sisi watoto wote wa foleni tunajibu kwa kelele. Nikavuta pumzi nijibu. Sauti ikanitangulia. Ilitoka kwenye kiti cha plastiki, kwa Kikamba.

"Kaa, lakini usikalie chungu changu."

Na wakati huohuo yule mteja, kwa kioo: "Kaa, lakini usikalie chapo zangu!"

Nikageuka. Susu ameshika mikono ya kiti kwa nguvu. Akamuuliza mteja, "Wewe umetoa wapi hiyo?"

"Si ni stori ya mzee wake," mteja akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Alikuwa anatupea pale kwa mfereji. Sisi sote. Kila siku tunamwambia rudia, anarudia. Hadi mimi huwapea watoto wangu."

"Maliza," susu akaniambia. Sauti haikuwa yake.

Nikamaliza. Mlima ikakaa, na kwa sababu ni mlima ikakalia kila kitu, chapo na jiko pamoja. Mathe akaigombeza hadi asubuhi. Mlima ikaona aibu ikasema, mathe, kuinuka tena siwezi, lakini kila siku nitakulipa. Ndiyo maana hadi leo inatoa chuma, inatoa chupa, inatoa plastiki, na watu wanakula kwake, ingawa inanuka.

"Wetu hutoa maji," susu akasema. "Kuna chemchemi. Huyo mama wa chungu alikuwa bibi ya bibi yangu." Akafuta uso kwa kanga. "Nilimpa mwanangu hadithi hii akiwa hajaota meno. Alikuwa analia nikiiacha katikati."

Kinyozi alikuwa amekumbatia mashine yake kifuani.

"Nilidhani mji ulimfunga mdomo," susu akasema. "Akija Krismasi ananyamaza tu, anakula, analala. Nikasema amesahau kila kitu, hata mimi. Kumbe alikuwa anaongea huku." Akamgeukia mama pale mlangoni, akamwambia mbele yetu sote, "Nilikutukana bure, mama. Hakumezwa. Alikuwa na watu."

Mama yangu alilia kwa sauti. Mimi pia, na sioni aibu, nilimlilia baba kuliko siku ya mazishi, maana siku ile nilikuwa nashughulika na sufuria za wageni. Susu akashusha mguu mzima, akashusha na ule mbovu, yote miwili juu ya nywele za watu zilizojaa sakafuni. Nikapiga kelele, "Susu, kidonda!" Hakunisikia. Akainama, akatemea mate ya baraka pale chini ya kiti, mate mengi, ya ukarimu.

"Shosh!" kinyozi akalalamika. "Nimepiga deki sasa hivi."

"Nimefika," susu akasema. "Nipelekeni kwa yule msichana wa glavu."

Nesi alifungua bandeji. Daktari akaitwa. Tulikuwa tumechelewa kidogo, akasema. Mguu utabaki, lakini kidole hakina budi kuondoka. Nilijilaumu, nikailaumu mila, nikamlaumu baba mdogo na mchanga wake. Susu aliuliza swali moja tu, kama kidole chake atapewa. Akaambiwa akitaka atapewa. Akasema anakitaka.

Baba mdogo akasema sawa, atakipeleka Ukambani kwenye lori, kizikwe mlimani kwa heshima. Mama tayari alikuwa ametafuta mkebe wenye kifuniko. Susu, amelala kitandani mguu umefungwa kama mtoto mchanga, akatikisa kichwa.

"Kizikeni pale kwa kinyozi."

Nikamwambia, susu, wewe ni wa kule. Siku ikifika tutakulaza kule, karibu na baba.

"Mtanilaza," akasema. "Kule nilizika mwili wake. Maneno yake yako huku, na siyaachi peke yake."

Kinyozi alisogeza kiti chake, akaomba tu wateja wasijue. Sakafu ni ya saruji, ikabidi ipasuliwe. Baba mdogo alinyoosha mkono achukue tindo, lakini mama alikuwa ameshaishika. Alipiga magoti kwenye zile nywele, hakutaka msaada wa mtu, akamchimbia mama mkwe wake mahali.